Keki ya chupa kwa zawadi: ya kupanga, ya kuokea ndani, ya unga mkavu, na ile ya kuachana nayo

Mtu akisema "keki ya chupa" anaweza kuwa anazungumzia vitu vinne tofauti. Kuna keki inayookwa kwenye trei, ikakatwa maduara na kupangwa kwenye chupa pamoja na krimu. Kuna inayookwa ndani ya chupa yenyewe, ikapoa, ikaingia kwenye friji. Kuna chupa ya unga, sukari na kakao vilivyopangwa kwa tabaka, ambayo mpokeaji anakwenda kuoka mwenyewe. Na kuna ile ya kuoka ndani ya chupa kisha kukaza kifuniko ingali moto, eti ikae kabatini miezi kadhaa bila friji. Kwa nje zote ni chupa yenye kipande cha kitenge na utepe. Kwa ndani zinapishana sana, na moja kati yake inaweza kumlaza mtu hospitali.

Cha kuamulia ni siku itakayoliwa. Ikiwa unaikabidhi mkononi na italiwa ndani ya siku tatu, panga keki na krimu. Ikiwa shughuli ni wiki mbili mbele na una friza, panga vilevile, ila kwa krimu inayostahimili kugandishwa. Ikiwa zawadi inapanda basi la mkoani, au hujui mpokeaji ataifungua lini, mpe unga mkavu. Ile ya kufunga ingali moto usimpe mtu yeyote, hata kama maelekezo uliyoyapata yanasema inakaa mwaka mzima. Tunaanza na hiyo, kwa kuwa ndiyo inayoaminiwa sana na ndiyo yenye hatari.

"Pa!" ya kifuniko haithibitishi kitu

Mtindo huu umetoka Marekani, ambako chupa za mdomo wa skrubu zimezoeleka jikoni tangu John Landis Mason alipopata hataza yake mwaka 1858. Watu walizitumia kuhifadhia jamu, nyanya na achari, baadaye wengine wakahamishia ujuzi huo kwenye keki. Maelekezo huwa yaleyale: mimina rojo hadi nusu ya chupa, oka, toa, weka kifuniko papo hapo, kaza. Baada ya muda kifuniko kinabonyea katikati na kulia "pa!", na mwokaji anaamini keki imeshahifadhika.

Kilichotokea ni kwamba mvuke wa keki uliisukuma hewa nje. Chupa ilipopoa, mvuke ukageuka maji, mkandamizo wa ndani ukashuka, na hewa ya nje ikakibonyeza kifuniko. Mlio ule unakwambia kifuniko kimenata. Haukwambii kama vijidudu vya ndani vimekufa.

Na oveni iliua nini? Hata ukiiweka nyuzi 180, moyo wa keki haupiti nyuzi 100 maadamu bado una maji. Keki nyingi hutolewa moyo ukiwa kati ya nyuzi 95 na 99. Nairobi, mji ulio karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo huko moyo wa keki huiva kwa joto dogo zaidi. Sasa, mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum zinastahimili maji yanayochemka. Wanaohifadhi nyama na maharage kwenye chupa huziua kwa sufuria ya presha inayofika nyuzi 116 hadi 121, kwa dakika zilizopimwa. Keki haipitii hatua hiyo.

Mbegu zilizobaki zinahitaji mahali pasipo na oksijeni, penye unyevu, penye asidi kidogo (pH iliyo juu ya 4.6) na joto la kawaida la chumba. Chupa iliyofungwa moto inazipa vyote hivyo kwa mkupuo, na keki za ndizi, boga na karoti ndizo zenye unyevu mwingi zaidi. Wako wanaodhani limau litawaokoa. Baking soda, iwe peke yake au iliyomo ndani ya baking powder, hufanya kazi kwa kukutana na asidi na kuimaliza, kwa hiyo hata keki inayonukia limau kutoka mlangoni haina asidi ya kutegemea.

Sumu inayotengenezwa na bakteria huyu huenda isibadilishe harufu, rangi wala ladha. Dalili huanza mara nyingi saa 12 hadi 36 baada ya kula: kuona vitu viwiliviwili, kope kulegea, ulimi kuwa mzito, kushindwa kumeza. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Kituo cha National Center for Home Food Preservation, kilichopo Chuo Kikuu cha Georgia nchini Marekani, kinashauri waziwazi watu wasihifadhi keki wala mikate kwa njia hii. Ukipokea chupa ya namna hiyo iliyokaa kabatini, usiionje "kidogo tu kuhakikisha". Itupe pamoja na kilichomo.

Keki ya kupanga: tunayoipendekeza kwa zawadi ya mkono kwa mkono

Hii ina uzuri wote wa chupa bila kupeleka kioo kwenye oveni. Na huhitaji oveni kabisa: keki ya sufuria iliyookwa kwa mkaa, makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko, inakatwa na kupangwa vizuri vilevile.

Kwa chupa 6 za mililita 240 zenye mdomo mpana, chukua siagi gramu 200, sukari gramu 200, mayai 4, unga wa ngano gramu 200, baking powder vijiko 2 vya chai, chumvi kidogo na maziwa mililita 60. Piga siagi na sukari kama dakika 5 mpaka ziwe nyeupe na nyepesi, kisha ongeza yai mojamoja. Mchanganyiko ukikatika na kuonekana kama maziwa yaliyoganda, mayai yalikuwa ya baridi. Tia kijiko kimoja cha unga, mchanganyiko utashikana tena. Unga uliochekechwa pamoja na baking powder na chumvi unaingia mwisho, ukipishana na maziwa, na unachanganywa kwa mwiko taratibu. Ukiendelea kupiga kwa mashine baada ya unga kuingia, keki inakuwa ngumu na yenye mashimo marefu.

Mimina kwenye trei ya sentimita 25 kwa 35 iliyotandikwa karatasi ya kuokea, oka kwa nyuzi 180 kwa dakika 18 hadi 22. Kwa sufuria, gawa kwenye mbili za kipenyo cha sentimita 23. Unataka keki nyembamba ya karibu sentimita 2, maana keki nene utalazimika kuipasua na itakuachia makombo mengi.

Acha ipoe kabisa. Saa moja na nusu si nyingi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: keki ikiwa vuguvugu, krimu inayeyuka na kutiririka ukutani, mvuke unageuka matone chini ya kifuniko, matone yanarudi juu ya keki, na siku ya tatu au ya nne unaona ukungu. Ukigusa katikati ya keki kwa nyuma ya mkono na kuhisi joto lolote, subiri.

Kata maduara kwa kikombe chenye ukingo mwembamba au kikata biskuti. Chupa ya mdomo mpana ina nafasi ya milimita 76 hivi, hivyo duara la sentimita 7 linapita bila kukwaruza. Chupa ya mdomo wa kawaida ina milimita 60 hivi. Kata sentimita 5.5, na ujue kwamba chini, chupa inapopanuka, utabaki mwanya wa kujazwa na krimu. Trei hiyo inatoa maduara 12 hadi 14. Mabaki ya pembeni usiyatupe, yavuruge uyatie katikati kama tabaka.

Kila duara lipate vijiko 2 vya chai vya sharubati iliyopoa: sukari gramu 100 na maji mililita 100, vikichemshwa dakika mbili na punje chache za iliki. Keki iliyokatwa hukauka haraka kwenye ule uso uliokatwa, na sharubati ndiyo inayofanya kijiko kizame bila kubomoa tabaka. Lakini usizidishe: vijiko vinne na chini ya chupa kutakuwa na uji.

Krimu ndiyo inayoamua chupa inakaa muda gani, kwa hiyo hapa linganisha kwa makini.

Krimu ya siagi (siagi gramu 125, icing sugar gramu 250, maziwa kijiko kimoja cha chakula) inatosha chupa zote sita, kwa gramu 60 hivi kila moja. Ina sukari nyingi na maji kidogo, inakaa friji siku nne bila shida, na inagandishika. Udhaifu wake ni joto. Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Januari inalainika mezani na mistari yako inapinda. Ukitumia majarini ya kupikia mkate badala ya siagi inasimama zaidi, ila inaacha utando wa mafuta mdomoni. Kwa zawadi, tungebaki na siagi.

Krimu ya kupiga ni nyepesi na wengi wanaipenda zaidi, lakini ni ya friji tu. Nje ya friji isizidi saa mbili, na hewa ikiwa juu ya nyuzi 32 isizidi saa moja. Ukiichanganya na embe au stroberi mbichi, matunda yanatoa maji na kesho yake krimu ina michirizi. Siku mbili ndiyo mwisho wake. Mpe mtu anayeishi karibu.

Jamu nzito ya nanasi au embe, bila krimu kabisa, ni chaguo linalosahaulika, na kwa pwani ni zuri sana. Haiyeyuki, haiharibiki safarini kwa saa chache, na rangi yake kwenye kioo inapendeza. Tabaka la vijiko 2 vya chakula kati ya maduara linatosha. Bado iwekwe friji ikifika.

Kupanga kwenyewe: duara, sharubati, krimu kwa mfuko wa kupambia ukianzia ukingoni mwa kioo kwenda katikati, kisha duara la pili, krimu tena. Ukianzia katikati, krimu haifiki ukingoni na kwa nje unaona mashimo ya hewa. Futa mdomo wa chupa kwa kitambaa kikavu kabla ya kufunika, kwani krimu iliyoshika kwenye nyuzi za skrubu ndiyo inayoota ukungu wa kwanza.

Kwa friza, tumia chupa zenye kuta zilizonyooka na acha sentimita 2 juu. Chupa zenye mabega hupasuka pale begani, kwa kuwa vilivyomo vinatanuka kwenda juu na vinakutana na kioo kinachojikunja. Zigandishe wima, zikae hadi miezi miwili. Siku moja kabla ya kukabidhi zihamishie friji zikiwa zimefungwa, ili umande ujikusanye nje ya chupa na usiiguse keki.

Kuokea ndani ya chupa, bila kufunga moto

Huku hatari ya sumu inaondoka kama utaiacha ipoe wazi, uifunike, uiweke friji na iliwe ndani ya siku tatu. Inayobaki ni hatari ya kioo. Chupa za jamu na za kuhifadhia zimetengenezwa kwa maji yanayochemka, ambayo hupasha kioo pande zote sawasawa. Hewa kavu ya oveni haifanyi hivyo: kitako kinene kinachelewa, ukuta mwembamba unawahi, na kioo kinavutana chenyewe. Pengine haipasuki ndani ya oveni, inapasuka ukiiweka juu ya sinki la chuma au kitambaa chenye maji. Mbaya zaidi ni ufa mwembamba usioonekana, unaoacha vipande vya kioo ndani ya zawadi. Juu ya mkaa au mchanga wa moto usijaribu hata kidogo.

Ukitaka umbo hilo lazima, zipo njia mbili za heshima. Moja, oka kwenye bakuli ndogo za kioo zilizoandikwa kuwa ni za oveni, au vikombe vya udongo vilivyochomwa kwa ajili hiyo. Mbili, oka kwenye trei ya keki ndogo za vikombe, kisha idumbukize keki nzima kwenye chupa ya mdomo mpana. Mpokeaji hatajua tofauti, na wewe hujahatarisha mkono wake wala ulimi wake.

Hata ikitoka salama, keki iliyookwa ndani ya chupa inaweza kuwa na juu pagumu na chini pabichi. Kwa ulaji peke yake, keki ya kupanga inaishinda.

Unga mkavu: zawadi inayosubiri

Hii haina maji, kwa hiyo haina haraka. Kwa chupa ya mililita 950, panga hivi kutoka chini: unga wa ngano gramu 220 uliochekechwa pamoja na baking powder vijiko 2½ vya chai na chumvi nusu kijiko, sukari nyeupe gramu 200, kakao gramu 45, na juu korosho zilizokaangwa na kukatwa, kiasi cha kujaza mpaka mdomoni. Kila tabaka likandamize kwa kitako cha bilauri kabla ya kuweka linalofuata. Usipokandamiza, safari moja ya bodaboda inageuza mistari yako kuwa vumbi moja la kijivu, na chupa inaonekana imepungua.

Baking powder ichekechwe na unga, isiwekwe kama tabaka lake. Mpokeaji asipochanganya vizuri atakuta madonge machungu upande mmoja na upande mwingine keki haikuumuka.

Adui ni unyevu na wadudu. Chupa iliyooshwa asubuhi na kujazwa mchana bado ina maji kwenye nyuzi za skrubu. Ioshe jana yake, ianike juani, iache wazi usiku kucha. Sukari ya kahawia yenye unyevunyevu iache, maana unyevu ule unaiamsha baking powder ndani ya chupa na ikifika oveni haina nguvu tena. Unga nao unaweza kuwa na mayai ya fukusi usiyoyaona: uweke friza siku nne ukiwa kwenye mfuko uliofungwa, kisha utoe na uuache urudi joto la chumba kabla hujaufungua. Ukifungua wa baridi, hewa ya pwani inaulowesha hapohapo.

Mwambie atumie ndani ya miezi mitatu. Kinachochakaa kwanza ni korosho, zinaanza kunuka mafuta ya zamani. Ukitaka ikae zaidi ziondoe.

Kadi ya kufunga shingoni ni nusu ya zawadi, kwa kuwa bila hiyo mtu ana chupa ya unga tu. Iandike kamili: "Mimina vyote bakulini, changanya vikavu vizuri. Ongeza mayai 2, maziwa mililita 240 (kikombe 1), mafuta ya kupikia mililita 120 (nusu kikombe), vanila kijiko 1 cha chai. Oka kwenye chombo cha sentimita 20 kwa nyuzi 180, dakika 30 hadi 35." Ongeza na hili: rojo bichi lisionjwe, maana unga ni chakula kibichi sawa na yai. Ikiwa chupa inakwenda Nairobi, Mbeya au mahali pengine pa juu, punguza baking powder iwe vijiko 2. Huko juu gesi inatanuka zaidi, keki inapanda haraka na kuzama katikati.

Kwa anayetaka kumpa mtu wa mbali keki iliyokwisha kuiva, chupa si chombo chake. Keki ya matunda makavu iliyofungwa kwa karatasi ya kuokea na kuwekwa kwenye kopo la bati inasafiri salama zaidi, ni nyepesi na haivunjiki.

Chupa yenyewe

Chupa za jamu, siagi ya karanga na mayonezi zilizotumika zinafaa kwa keki ya kupanga na kwa unga mkavu, mradi hazina ufa. Pitisha kidole kuzunguka mdomo. Ukihisi hata kibanzi kidogo, iache. Kioo huishiwa harufu kikioshwa kwa sabuni na maji ya moto, lakini kifuniko cha chupa ya achari hakisahau. Ile raba nyembamba ya ndani imeshanyonya haradali na kitunguu saumu, na krimu ya vanila inavuta harufu hiyo kwa usiku mmoja wa friji. Fungia kifuniko peke yake ndani ya mfuko kwa saa chache, kisha unuse. Kikinuka chochote, tafuta kingine.

Juu ya kifuniko andika tarehe ya kupanga, "weka friji" kwa herufi kubwa, siku ya mwisho ya kula, na kama kuna karanga, korosho, maziwa au mayai. Kwa keki ya watoto wa shule au wageni wa kitchen party usiowajua, mstari huo wa mwisho uwe wa kwanza.